Kugusa Kwanza, Kutaja Mwisho

Mwalimu hugusa kwanza. Ameinama juu ya jiwe lenye ukubwa wa ng'ombe aliyelala, maji ya Ziwa Nyasa yakimfika magotini, na kabla hajatoa lenzi mfukoni anapitisha ncha za vidole vitatu juu ya kijani kilichotanda ubavuni mwa jiwe. Macho ameyafumba. Vidole vinashuka taratibu kutoka sehemu inayorushiwa matone hadi sehemu isiyotoka majini kamwe. Vinasimama, vinarudi nyuma kidogo, vinasimama tena.

"Hapa pana aina tatu," anasema. "Labda nne. Gusa na wewe."

Nikagusa. Niliona utelezi tu. Sisi tuliokulia Mbinga, tukishuka ziwani wakati wa likizo, tulikuwa na neno hilo moja kwa kila kitu cha kijani kinachoshika mawe, na tulilijua kwa visigino zaidi ya kulijua kwa macho. Mwalimu akanishika mkono, akauweka juu ya jiwe, akauongoza. Juu kabisa, mahali mawimbi yanapopasuka, palikuwa na kitu kikavu kidogo, kigumu, kinachokwaruza kama nywele zisizopakwa mafuta. Shubiri moja chini yake pakawa kama ngozi iliyonyoshwa, imeng'ang'ania jiwe, haishikiki hata kwa kucha. Kwenye ufa uliokuwa na kivuli nikakuta nyuzi laini zilizoponyoka kila nilipozibana. Mkono wangu ulikuwa umepita mahali palepale dakika moja kabla na kuleta habari ya kitu kimoja.

Ni asubuhi ya mwezi wa 6, Mbamba Bay, kabla mwera haujaamka. Upepo huo wa kusini-mashariki hutawala ziwa tangu Mei hadi Agosti, na ukishaanza kuvuma kwa nguvu hakuna anayeweza kuhesabu kitu kwenye mawe. Kwa hiyo kazi ya Mwalimu huanza gizani, jua likiwa bado nyuma ya milima ya Umatengo.

Anafundisha Biolojia katika shule ya sekondari huko juu, kwenye baridi na mibuni. Likizo zake huzitumia huku chini, kwenye miembe na mihogo, akifanya kazi ambayo hakuna aliyemtuma: kuorodhesha mwani wa kijani wa pwani hii ya Ruvuma, kuanzia Lituhi, mahali Mto Ruhuhu unapoingia ziwani, kupitia Liuli na Mbamba Bay, hadi karibu na mpaka wa Msumbiji. Ufundi wenyewe hakuupata ziwani. Aliupata baharini alipokuwa mwanafunzi, akifuata maji kupwa Dar es Salaam na Unguja, akijifunza kutenganisha Ulva yenye majani membamba kama karatasi, Caulerpa inayotambaa mchangani kwa mashina yake, Halimeda yenye vipande vigumu vya chokaa ambavyo vikifa hugeuka mchanga mweupe wa fukwe, na Valonia, ambayo kila kipovu chake kinachong'aa ni seli moja tu, kubwa kiasi cha kushikwa kwa vidole.

Katika mkoba wake kuna kitabu cha Erik Jaasund, mtaalamu wa mwani wa Chuo Kikuu cha Tromsø nchini Norway, kilichochapishwa mwaka 1976 kuwasaidia watu kutambua mwani wa ukanda wa kupwa na kujaa wa Tanzania. Kimefungwa kwa plastiki mara mbili. Mimea iliyomo ni ya maji ya chumvi, na Nyasa ni ziwa la maji baridi, kwa hiyo huku hakimjibu swali hata moja. Anakibeba kwa sababu ndicho kilichomfundisha kutazama.

Wala hakuja ugenini kabisa. Ile nyasi ngumu ya juu ya jiwe, inayokwaruza, ni ya jenasi ya Cladophora, na jenasi hiyo ina spishi za baharini na spishi za maji baridi. Mwalimu alipoikuta huku mara ya kwanza, anasema, alijisikia kama mtu aliyesafiri mbali akasikia jina la ukoo wake likiitwa sokoni. Na maji yenyewe yana undugu. Mto Ruvuma unaoanzia milima ya Matagoro karibu na Songea unaishia Bahari ya Hindi, jirani na Ghuba ya Mnazi huko Mtwara. Maji ya Nyasa hutoka kwa Mto Shire, yakaingia Zambezi, nayo yanafika bahari ileile.

Vifaa vyake anavipanga kwenye khanga iliyotandikwa juu ya mchanga, kila siku kwa mpangilio uleule. Kuna kamba ya mita 20 yenye fundo kila baada ya mita moja. Kuna fremu ya mraba ya waya mnene, kila upande sentimeta 25, ndani yake nyuzi za kuvulia zimekatizana na kufanya vyumba 25 vidogo. Kuna miwani ya kuzamia na mrija wake, kisu kifupi chenye ncha butu, koleo ndogo ya chuma na miswaki miwili. Kuna chupa 30 za plastiki zenye vifuniko vya kukaza na kibao cha plastiki nyeupe kilichosuguliwa kwa msasa ili kiandikike ndani ya maji. Penseli ni tatu, na kalamu ya wino hakuna hata moja, kwa sababu wino ukilowa hukimbia na penseli hubaki. Anavigusa kimojakimoja huku akihesabu kwa sauti ya chini, ndipo anaingia majini.

Mwenye mtumbwi, mzee wa hapo hapo ufukweni, anashika ncha moja ya kamba. Ncha nyingine Mwalimu anaifunga kwenye mwamba, juu ya alama ya mawimbi makubwa. Kamba inashuka juu ya jiwe, inaingia ziwani, inafuata mteremko hadi kina cha mita tatu. Kwenye kila fundo anaweka fremu. Hapo sasa anaganda. Uso uko ndani ya maji, mrija juu, mikono miwili imeshika waya usisogezwe na wimbi, na macho yanapita chumba hadi chumba kuanzia kushoto kwenda kulia, mstari wa juu hadi wa chini. Chumba chenye kijani kigumu, alama moja. Chumba chenye ngozi, alama nyingine. Jiwe tupu nalo lina alama yake.

Nikitazama ule mraba wenye miraba ndani yake nilikumbuka ngoro za kwetu. Mmatengo hulaza nyasi zilizokatwa kwa mistari inayokatizana ubavuni mwa mlima, akafukia nyasi kwa udongo, na katikati ya kila mraba likabaki shimo la kutuliza maji ya mvua yasichukue rutuba. Anayepita mbali huona mlima wenye vishimo. Mwenye shamba anajua kila ngoro na ilivyozaa mwaka jana. Mwalimu anaisoma miamba ya Nyasa hivyo hivyo, na ngoro zake ni za waya.

Dakika kumi zinapita kwenye fundo moja.

"Mwalimu, umekwama?" mzee anauliza kutoka mtumbwini.

Anainua kichwa, anatoa mrija mdomoni. "Bado, mzee wangu. Nahesabu."

"Haya, mwanangu. Hesabu."

Chini yake samaki wako kazini pia. Mbuna wa rangi ya buluu yenye mistari wanazunguka fremu, wanagonga jiwe kwa midomo, wanageuka, wanagonga tena. Mmoja ana pua iliyoning'inia juu ya mdomo, na mdomo wenyewe uko chini, mpana, ulionyooka kama makali ya mkasi. Huogelea sambamba na jiwe na kukata mwani bila kusimama wima. Ni Labeotropheus fuelleborni, aliyepewa jina hilo la kisayansi mwaka 1926. Mwalimu anawahesabu mbuna kama wakulima wenzake wa jiwe lile, kwa kuwa wao ndio wanaoamua mwani upi uonekane na upi uishi kwa kujificha. Mahali wanapolisha, kijani ni kifupi kama kapeti. Kwa hiyo baada ya kumaliza mafundo yote anarudi kutafuta pembezoni: juu kwenye mapovu, ambako samaki hawafiki, kwenye nyufa nyembamba kuliko vichwa vyao, na chini ya mawe yaliyoegemeana.

Ndipo sasa anakata. Nilitegemea atang'oa kwa mkono, kama tung'oavyo magugu. Anaingiza ncha ya kisu chini kabisa, mwani unaposhikana na jiwe, akakinyanyua kishikio chenyewe, hata ikibidi kutoka na punje ya jiwe. Uzi uliokatika katikati, anasema, ni kama barua iliyochanwa sahihi. Ile ngozi isiyoshikika anaisugua kwa mswaki ndani ya chumba kimoja cha fremu na kuinyonya kwa bomba dogo. Mswaki mmoja ni wa mawe ya juu, mwingine wa mawe ya chini, na haichanganyi. Anachukua kiasi cha kujaza kiganja cha mtoto. Kingine chote anakiacha, na jiwe dogo alilolipindua analirudisha, upande wa juu ukae juu, kwa sababu vilivyoishi kwenye jua vikifunikwa vitakufa, na vya gizani vikianikwa vitakufa pia.

Kabla chupa haijafungwa, kipande cha karatasi ngumu kinaingia ndani pamoja na mwani: namba, tarehe, mahali, kina, aina ya jiwe, jua au kivuli, kwa penseli. Kifuniko hakiandikwi. Vifuniko hubadilishana, anasema, lakini karatasi iliyo ndani inalala na mwenyewe.

Saa nne mwera unaanza kukunja uso wa maji, naye anatoka ziwani. Kituo cha mwisho hakiko ziwani kabisa. Nyuma ya ufuko, mvua za masika zimeacha dimbwi la maji yaliyotulia, na juu yake limetanda wingu la kijani kinachong'aa, lenye mapovu madogo ya hewa. Amevaa buti za mpira hadi magotini kwa ajili ya kichocho, kwa maana maji ya namna hii ndiyo konokono wake huyapenda. Anachovya koleo, anainua, na nyuzi zinamwagika kama nywele zilizotiwa mafuta. Hazikamatiki. Mwalimu anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

"Huyu namjua ukoo," anasema. "Jina lake mwenyewe bado."

Jioni, katika chumba alichopanga karibu na ziwa, anamimina chupa ya kwanza kwenye beseni jeupe lenye maji kidogo. Weupe wa beseni ni kifaa sawa na kisu, maana juu yake kila kivuli cha kijani hujitenga. Kwa sindano mbili zilizochomekwa kwenye vijiti anavuta uzi mmoja kutoka kwenye fundo la nyuzi, anauhamishia kwenye kisahani, anavuta wa pili. Mchanga unabaki upande mmoja, mabuu ya wadudu upande mwingine. Chupa moja humchukua karibu saa nzima. Hatii dawa ya kuhifadhi kwanza, kwa kuwa dawa huharibu rangi na hukunja vilivyomo ndani ya seli, na usiku huu ndio pekee atakaoviona vikiwa hai.

Hadubini yake ni ya zamani, ya chuma, yenye kioo cha kukusanyia mwanga. Ndani ya lenzi ya jicho kuna rula iliyochorwa, ndogo kuliko unyusi, ambayo kila mwanzo wa msimu huilinganisha na kioo chenye vipimo sahihi ili ajue mstari mmoja ni maikromita ngapi. Anaweka tone la maji kwenye kioo chembamba, analaza uzi, anashusha kifuniko cha kioo kwa pembe ili hewa isinaswe, anafyonza maji ya ziada kwa kona ya karatasi. Kisha ananipisha nitazame.

Uzi wa dimbwini ulikuwa bomba la kioo lililogawanywa vyumba virefu, na ndani ya kila chumba utepe wa kijani umejizungusha kama ngazi ya mnara, kutoka ukuta hadi ukuta. Ni Spirogyra, jenasi iliyopewa jina hilo mwaka 1820 kwa sababu ya mzunguko huohuo. Sijawahi kuona kitu nadhifu namna ile, nacho kilikuwa kikiishi katika maji ambayo ng'ombe huyakanyaga. Nikamwambia: basi tumemaliza, ni Spirogyra. Akatikisa kichwa, akaanza kuhesabu. Kila seli ina tepe ngapi? Unajizungusha mara ngapi? Ukuta kati ya chumba na chumba ni bapa au umejikunja? Upana akaupima kwenye seli 30 kutoka nyuzi mbalimbali, akaandika vipimo vyote 30, hata vilivyofanana.

Uzi wa pili, wa kwenye ufa, haukuwa na tawi wala utepe. Ulionekana wa kawaida hadi alipozungusha gurudumu la kulengea kwa upana wa nywele. Kwenye ncha za baadhi ya seli vikajitokeza vipete vyembamba, vimepangana kama bangili kifundoni. Kila seli inapogawanyika ukuta wa zamani hupasuka na kuacha pete moja, na pete hizo ndizo kitambulisho cha Oedogonium. Ungetazama haraka ungezikosa, ukaandika jina lisilo lake.

Uzi wa tatu ulikuwa ile nyasi ngumu ya mapovuni. Hapa kulikuwa na matawi, na matawi juu ya matawi, na juu yake wamejazana diatomu, viumbe vya seli moja vyenye magamba ya kioo. Mwalimu akanieleza sababu kwa kunikumbusha asubuhi. Uzi wa Spirogyra huvaa ute, ndiyo maana unaponyoka vidoleni na ndiyo maana wapangaji hawashiki. Cladophora haina ute huo, hukwaruza, na kila anayepita hupata mahali pa kukaa. Nilichogusa alfajiri na ninachokiona usiku ni jambo moja, limesemwa kwa vidole kisha kwa jicho. Tangu hapo sikushangaa tena kwa nini hufumba macho.

Kisha akaleta ile ngozi ya jiwe, iliyotolewa kwa mswaki, akadondosha tone la iodini kwenye ukingo wa kifuniko. Kwanza alidondosha kwenye Cladophora, na ndani ya dakika chache madoa ya bluu iliyokoza kuelekea weusi yakajitokeza ndani ya seli. Huo ni wanga. Mwani wa kijani wa kweli hutunza wanga ndani ya kloroplasti yake, kama ufanyavyo muhindi na muhogo. Ngozi ile haikugeuka hivyo. Nyuzi zake zilianza nene na kuishia nyembamba kama mkia wa panya, na kwenye shina la kila uzi palikuwa na seli moja ya mviringo, angavu, isiyofanana na nyingine. Ni Calothrix, naye hayumo katika ukoo wa mwani wa kijani. Ni bakteria anayetumia mwanga wa jua, na ile seli ya mviringo ndiyo inayonasa naitrojeni ya hewani. Mtafiti Mwingereza Geoffrey Fryer, aliyefanya kazi Nkhata Bay, ng'ambo ya ziwa, na kuchapisha utafiti wake mwaka 1959, alieleza jinsi zulia hili la Calothrix lilivyo msingi wa malisho ya mbuna kwenye miamba.

Mwalimu akaifuta kwenye orodha yake ya kijani na kuiandika kwenye ukurasa wake. Hakusikitika. Baharini, anasema, somo hili huanza mapema. Kule Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani kilianza mwaka 1989, utamkuta mama amebeba mwani wa shambani wenye rangi ya kijani kabisa, na bado ni wa kundi la mwani mwekundu. Rangi ni salamu. Huwezi kumwandika mtu ukoo kwa salamu yake.

Na hapo ndipo nilipoona uvumilivu ulio mgumu kuliko kusimama kwenye maji ya asubuhi. Usiku ulikuwa umeenda, hadubini ilikuwa mbele yake, vipimo 30 viko daftarini, na ufunguo wa kutambulia uko wazi mezani. Ufunguo huo huuliza maswali mawili mawili: kama ni hivi nenda namba fulani, kama ni vile nenda namba nyingine. Alijibu swali la kwanza, la pili, la tano. Swali lililofuata lilihusu mbegu zinazotungwa nyuzi mbili za Spirogyra zinapolala sambamba na kuunganika. Nyuzi zetu hazikuwa zimeungana. Spishi za Spirogyra ni mamia, na nyingi hazitofautishwi bila mbegu hizo: umbo lake, upana wake, na michoro ya ganda lake. Mwalimu akafunga ufunguo. Kwenye lebo akaandika Spirogyra, na mbele yake herufi mbili, sp., maana yake spishi haijatajwa. Akaweka penseli chini.

Nilimuuliza kama haioni kazi ya siku nzima imepotea. Akanionyesha nakala ya orodha ya mwaka 1902, kwa Kijerumani. Daktari wa jeshi la wakoloni, Friedrich Fülleborn, yuleyule ambaye jina lake limebebwa na samaki mwenye pua, alikusanya mwani kutoka Nyasa na maeneo ya jirani, na Wilhelm Schmidle, mwalimu wa shule kule Ujerumani, akautazama kwa hadubini na kuchapisha majina. Zaidi ya miaka 120 imepita na bado tunaweza kubishana na Schmidle, kwa sababu aliandika alichokiona na mahali kilipotoka. Jina lililotajwa kwa haraka, anasema Mwalimu, linakaa miaka hiyohiyo, likipotosha watu.

Asubuhi iliyofuata alikausha. Anamimina maji safi kwenye beseni pana, anauacha mwani uelee juu yake mpaka matawi yafunguke yenyewe. Anaingiza karatasi nene chini ya maji, chini ya mwani, na kuiinua kwa kuiinamisha, sentimeta kwa sentimeta, huku mkono mwingine ukitandaza kila tawi kwa brashi ya manyoya laini. Maji yanatoka upande mmoja na mwani unabaki umelala kama ulivyokuwa ziwani. Juu yake kitambaa chepesi cha pamba kisichonata, kisha gazeti, kisha karatasi ya pili, hadi mrundo ufike unene wa kiganja. Mbao mbili, mikanda miwili, mawe mawili juu. Magazeti yanabadilishwa asubuhi na jioni kwa siku nne au tano. Kipande kidogo cha kila mwani kinaingia kwenye kijaluba chenye chembe za silika zinazokausha upesi, ili siku moja maabara yenye uwezo wa kusoma vinasaba ipate pa kuanzia.

Mwezi wa 9 alirudi, nami nikamfuata. Dimbwi lilikuwa limenywea hadi kubaki kama sinia, na lile wingu la kijani limefifia, limekuwa la manjano, lenye sura ya kitu kilichooza. Mtu mwingine angelipita. Mwalimu akapiga magoti kwenye tope, akachukua kidogo, na usiku ule chini ya hadubini nyuzi zilikuwa zimelala mbili mbili kama ngazi, zimeunganishwa kwa vidaraja, vyumba vya uzi mmoja vitupu na vya mwenzake vimebeba mbegu ya mviringo wa yai, ya kahawia, yenye ganda nene. Maji yanapopungua ndipo nyuzi nyingi za namna hii hutunga mbegu zao, zikalala topeni kungoja mvua. Ile sura ya kuoza ndiyo iliyokuwa jibu. Alikuwa ameijua tangu mwezi wa 6 kwamba itakuja, na hakuna namna ya kuiharakisha isipokuwa kungoja jua lifanye kazi yake.

Akapima mbegu 30. Akarudi kwenye ufunguo, kwenye swali alilolifunga miezi mitatu kabla, na maswali yakafunguka hadi zikabaki spishi mbili. Michoro ya ganda ilielekea mojawapo, upana ukasitasita kati ya zote mbili. Akatoa karatasi kavu ya mwezi wa 6, yenye nyuzi zilizogandamana kwa ute wake wenyewe, kijani chake bado kipo. Lebo ya kwanza, yenye sp., hakuifuta wala hakuibandua. Chini yake akabandika lebo ya pili yenye tarehe mpya na vipimo vya mbegu, na kati ya jenasi na jina akaandika cf., kifupi cha neno la Kilatini linalomwambia msomaji alinganishe. Kisha akaisogeza lebo ile juu kidogo kabla gundi haijakauka.

Nilidhani ameiweka vibaya. Alikuwa anaacha nafasi ya lebo ya tatu.